Malkia hakuambiwa juu ya mti

Mhariri,

Nimesoma gazeti lenu miaka mingi na sijawahi kuwaandikia, hata ile siku mliweka picha ya Mlima Kenya mkasema ni Aberdare nilinyamaza. Lakini ile ripoti yenu ya juzi kuhusu The Crown, ile tamthilia ya Netflix ya maisha ya Malkia Elizabeth wa Uingereza, imenishinda. Ati mjadala mkubwa ni kama Netflix wangeweka ilani kwamba hii ni hadithi tu watu wasije wakaamini.

Mmewataja wakubwa wote waliolalamika. Oliver Dowden, waziri wa utamaduni wa Uingereza, mwaka 2020. Judi Dench, yule mwigizaji, aliyeandikia The Times barua 2022, na John Major, waziri mkuu wao wa zamani, naye akasema ni upuuzi mtupu. Na Netflix wakaishia kuweka kamaneno chini ya trela ya sizoni ya tano. Sawa. Sasa hao wote walikuwa wanamlilia nani? Charles, mwana wa huyo malkia, ati ameonewa. Charles ana mawakili, ana watu wa kumuandikia taarifa asubuhi na jioni. Sisi huku Nyeri nani ametusemea? Mmeandika ukurasa mzima na kipindi cha pili cha sizoni ya kwanza, kile cha Kenya, hamkukigusa kabisa.

Mimi ni dereva wa watalii, na hicho kipindi ndicho kimeniharibia kazi. Kuna safari moja nilikuwa na wageni kwa gari, mama mmoja mzungu amekaa mbele na simu yake ameshaifungua kwa picha ya Claire Foy, yule mwigizaji wa Elizabeth, ananiuliza ni wapi haswa Philip, mume wa Elizabeth, alimkabili yule ndovu. Nikamwambia pole pole, mama, ile ilipigwa Afrika Kusini. Akacheka, akadhani ni mzaha. Tukafika hoteli ya Treetops, akaanza kuuliza chumba alicholala Elizabeth, nikamwambia hakipo, ile Treetops ya kwanza ilikuwa kibanda cha mbao juu ya mugumo, ilijengwa 1932, Mau Mau wakaichoma 1954, hii unayoiona ilikuja baadaye 1957. Akakunja uso. Mimi na mdomo wangu nikaongeza, na tena Elizabeth hakuambiwa hapa kwamba babake amekufa, aliambiwa Sagana, kwa ile nyumba aliyopewa zawadi ya harusi, tarehe 6 Februari 1952, na aliyemwambia ni bwanake. Akaniambia hapana, yeye ameiona kwa macho yake, ilikuwa juu ya mti. Na hapo hata hiyo sinema yenyewe haikukosea, nimeiangalia, inaonyesha Sagana vizuri tu! Kilichomchanganya ni ile sentensi iko kwa kila brosha, ati alipanda binti mfalme akashuka malkia. Kwa hesabu ni kweli, maana mfalme alifia usingizini kule Sandringham usiku huo huo, lakini mgeni akisoma hivyo anadhani mtu alipanda ngazi na telegramu mkononi.

Basi huyo mama akarudi kwao akaandika mtandaoni kwamba dereva ni mbishi na hajui historia ya mahali. Bosi akaniita. Akaniambia mgeni akisema ndovu alikuwa hapa, wewe sema ndio ndovu alikuwa hapa, tena muonyeshe na kinyesi. Safari iliyofuata akapewa kijana mwingine ambaye Sagana yenyewe anaijua kwa sababu ya samaki.

Sijui historia ya mahali! Mhariri, nyanya yangu ni mmoja wa wale wanawake waliochimba mtaro kandokando ya msitu huu kwa jembe na kwa mikono, bila mshahara, ili wapiganaji wasiteremke kuchukua chakula, na akimaliza zamu anarudi kufungiwa kwa kijiji cha dharura kilichozungushiwa miti iliyochongwa, na babu yuko kambi ya kizuizini ya Manyani, hajui kama yuko hai. Hali ya hatari ilitangazwa na Gavana Baring tarehe 20 Oktoba 1952, miezi minane tu baada ya huyo binti kushuka kwa mti. Na hiyo sizoni ya kwanza inapita miaka hiyo hiyo, sio ati hawakuwa na nafasi. Desemba 1952 London kulikuwa na ule moshi mbaya, wakaupa kipindi kizima. 1954 Churchill alichorwa picha ikamuudhi, wakaipa kipindi, jamani, picha ya ukutani! Mwaka huo huo Nairobi watu walikusanywa kama mbuzi kwa Operesheni Anvil, na vijiji vyetu vikaanza kuzungushiwa waya. Hiyo hakuna. Sizoni ya pili Philip anazunguka bahari kwa meli ya kifalme ameboeka, na hiyo safari yake ikiisha tu, Februari 1957, Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, ananyongwa Kamiti kwa sheria ya serikali ya huyo huyo malkia tunayeoneshwa akilia chumbani. Hakuna. Sisi tulipata nafasi ya kusimama uwanja wa ndege tumevaa manyoya ili Philip atanie kofia ya mzee na mkewe amwambie hiyo ni taji. Basi, kazi yetu imeisha, tunarudi London. Halafu 2013 William Hague, waziri wao wa mambo ya nje, anasimama bungeni kwao kutangaza paundi milioni 19.9 kwa watu 5,228 walioteswa enzi za Mau Mau, ina maana waliangalia wakaona kuna kitu kilifanyika, si ndio? Na Charles mwenyewe alikuja hapa mwisho wa Oktoba 2023, akasikitika sana, kuomba msamaha hakuomba, na wiki mbili baadaye sizoni ya sita ikatoka na dunia nzima ikarudi kumlilia Diana. Nasikia ilishinda tuzo nyingi. Hongera zao.

Na tukiwa hapo hapo, kwa nini ilipigwa Afrika Kusini? Msitu uko hapa, Sagana iko hapa, ndovu ndio hao wanakula mahindi ya watu kila msimu. Wenzetu kule wakileta kamera wanarudishiwa sehemu ya gharama. Hapa ukitoa kamera kubwa kidogo kwa begi anatokea mtu na kitabu cha risiti, huyu wa kaunti, huyu wa msitu, mwingine hata hujui ni wa wapi lakini ana reflekta. Kuna vijana wa mtaa wetu walitaka kurekodi wazee wa Mau Mau wakisimulia, hakuna vita hakuna ndovu, ni wazee wamekaa kwa viti, wakazungushwa na vibali mpaka wakachoka, na mmoja wa hao wazee ameshaenda. Sasa hizo ndizo kumbukumbu tulizonazo na zinazikwa tu. Alafu saa moja jioni ukiwasha TV ni mapenzi ya Wafilipino.

Kwa hivyo mimi naunga mkono ilani, tena naitaka zaidi ya hao akina Dench. Iwekwe kwa Kiswahili na Kikuyu, kwa herufi kubwa, pale ndovu anapotokea, isome hivi: NDOVU HUYU HAJAWAHI KUFIKA NYERI. HAWA WATU UNAOWAONA WAKISHANGILIA, WENGI WATAFUNGIWA VIJIJINI KUANZIA 1954, LAKINI HATUTAONYESHA. Ikae sekunde thelathini, mtu asiweze kuruka. Na wenye mahoteli waandike Sagana kwa brosha zao, hata kama haina mti.

Mkiona barua ni ndefu mnaweza kupunguza hapo kwa vibali na kwa Wafilipino. Lakini tarehe na Sagana msiguse, na msiweke picha ya Claire Foy.

Dereva wa watalii,
Nyeri