Barua ya Wazi kwa Wazazi wa Mabinti Wachezao Sataranji

Wazazi wenzangu,

Nawaandikia kwa sababu nimewasikia wengi, mimi mzee wenu, mkimwambia binti, pindi tu afikapo kidato cha nne, kwamba sasa afungie kete kabatini akashughulikie mambo ya maana. Kabla hamjalitamka neno hilo, nawaomba mwangalie maisha ya Dana Reizniece-Ozola wa Latvia.

Alizaliwa mwaka 1981 katika mji wa Kuldīga, akakulia katika nchi ndogo inayoienzi sataranji, kwa kuwa Mikhail Tal, aliyetwaa ubingwa wa dunia mwaka 1960, alikuwa mwana wa Riga, mji mkuu wake. Alikuwa bingwa wa wanawake wa nchi yake zaidi ya mara moja, na mwaka 2001 FIDE, shirikisho la sataranji duniani, likamtunuku cheo cha juu kabisa kati ya vile vinavyotolewa kwa wanawake pekee. Baadaye akawa mbunge, Waziri wa Uchumi mwaka 2014, na Waziri wa Fedha mwaka 2016.

Hapo wengi wetu tungesema mchezo umekwisha. Septemba mwaka huohuo yeye alikwenda Baku kuichezea Latvia kwenye Olimpiadi ya Sataranji, mashindano ya timu za mataifa, akapangiwa Hou Yifan wa China, bingwa wa dunia wa wanawake, aliyemzidi kwa mamia ya alama katika orodha ya ubora wa wachezaji. Waziri aliyezoea kuzungukwa na washauri akakaa peke yake mbele ya ubao, akiandika kila hatua kwa mkono wake na kubonyeza saa ya mchezo, wala hapakuwa na wa kumnong'oneza. Akashinda.

Sisemi kwamba sataranji ndiyo iliyompa uwaziri, na msimdanganye mtoto kwa ahadi hiyo. Ninalosema ni kwamba kazi nzito haikumlazimu kuacha mchezo, nao mchezo ukaja kumpokea, kwani mwaka 2021 aliacha ubunge akawa mkurugenzi mtendaji wa FIDE, shirikisho ambalo mwaka huo lilianza kuwafundisha sataranji wasichana wakimbizi wa kambi ya Kakuma, Kenya.

Basi mtihani ukikaribia, punguzeni saa za mazoezi, lakini msimwondoe klabuni. Nauli mnayompa kaka yake akacheze mpira, mpeni naye aende mashindanoni. Akirudi ameshindwa, mwombeni awaonyeshe ubaoni alipokosea, nanyi mkae mumsikilize, hata kama hamjui farasi anavyotembea.

Wenu katika malezi,
Mzee mwenzenu