Barua kwa mwanangu, kuhusu hilo suala la bweni

Mwanangu,

Voisi yako nimeisikiliza, picha nazo nimeziona zote, na nimefurahi siku yako ya ofu umeenda kutembea badala ya kushinda umelala. Hilo jumba la Lanhydrock la huko Cornwall, Uingereza, na vile vyumba vya watoto ulivyopiga, ni zuri jamani, sikatai. Ila ulichomalizia, kwamba watoto wa zamani wa huko walilelewa kwa ratiba ndo maana wakawa na adabu, kwa hiyo Januari mwanao, bwana mdogo, aende bweni, hicho kimeninyima usingizi. Sitaki aende bweni. Nasema mapema ili hata usipofika chini ya barua uwe umeshasikia.

Mi historia nimeifundisha mpaka nastaafu mama, kwa hiyo usinionyeshe farasi wa mbao ukadhani nitaishia hapo. Vyumba kama hivyo, kimoja cha kushinda na kingine cha kulala, enzi za mfalme Edward wa Saba, 1901 mpaka 1910, ndo mtoto wa tajiri wa shamba alikuwa anamalizia siku yake humo. Viko juu kabisa ya nyumba au pembeni huko, madirisha yana nondo asidondoke, mbele ya moto kuna uzio wa chuma na nguo zake zinaanikwa hapohapo. Anaamshwa na yaya, anavalishwa na yaya, anakula uji wa oti, anatembezwa, mchana nyama ya kondoo ya kuchemsha na wali wa maziwa, jioni kwenye chai amalize kwanza mkate na siagi ndo aguse keki. Mtoto wa kiume anavalishwa gauni mpaka miaka mitatu minne hivi, baadae suti ya kibaharia. Jumapili kwenye nyumba za walokole midoli yote inafungiwa kabatini inabaki safina ya Nuhu tu na wanyama wake, kwa sababu imo kwenye Biblia. Hiyo ya safina hunichekesha kila nikiikumbuka, hata ustadhi wetu hapa angeiruhusu.

Sasa sikiliza. Baada ya chai mtoto anafutwa uso, anachanwa nywele, anavalishwa nguo ya maana anateremshwa sebuleni kwa mama yake, kwa muda wa saa moja hivi tu, halafu yaya anamrudisha juu. Saa moja mwanangu. Mama kwake ni yule mtu anayenukia vizuri aliyekaa kwenye kochi. Na wewe unapiga video saa mbili usiku, na kabla hujapiga mi namfuta bwana mdogo uso, namvalisha ile tisheti uliyotuma, namwambia kaa vizuri mama anapiga. Unanielewa lakini? Hiyo saa moja angalau unayo. Ukimpeleka bweni utabaki kuomba dakika tano kwa simu ya metroni.

Wenzake wa kule walikuwa wanapelekwa bweni wakiwa na miaka minane, kama atakayotimiza wa kwako. Jumapili wanakalishwa waandike barua nyumbani na mara nyingi mwalimu anazipitia, sasa mtoto ataandika nini zaidi ya mimi mzima, tumecheza mpira? Huyu wako siku akiota vibaya bado anakojoa kitandani. Hukulijua hilo maana aliniapisha nisikwambie. Asubuhi namkuta ameshakunja shuka mwenyewe amelisukumia chini ya kitanda anajifanya anatafuta kiatu. Huko bweni atalisukumia wapi?

Halafu mbona hukupiga picha ngazi ya nyuma, ile ya watumishi? Huko ndo kulikuwa na mtoto mwingine, binti wa kijijini wa miaka kumi na tatu, anaamka kabla ya wote awashe moto, apandishe maji ya moto kwenye makopo ili mwenzake aogeshwe kwenye beseni. Sheria ya 1899 iliruhusu mtoto aache shule akiwa na miaka 12, baada ya hapo ni kazi za watu. Huyo naye mama yake alikuwa anampata siku ya mapumziko.

Najua na wewe unaogesha wazee wa watu usiku kucha. Kila anayeniuliza hapa mtaani namwambia mwanangu yuko Uingereza anauguza wazee, na nyumba hii inasimama kwa mkono wake, sioni haya. Ila kuchoka kwako kusikufanye umpangie mtoto mambo kwa picha za jumba la watu. Na usije ukaniambia na mimi nilikuacha kwa bibi yako Muheza. Najua. Nilikuwa napangiwa vituo vya mbali, na bibi yako si metroni, basi tuliache hapo.

Tena serikali yenyewe hapa Tanzania mwaka 2023 ilizuia bweni kuanzia awali mpaka darasa la nne. Hiyo shule inasema ina kibali maalumu, mi sijakiona.

Mengine ni ya kawaida. Jino la mbele limetoka, anakuwekea kwenye kiberiti. Bili ya maji imekuja kubwa, fundi anasema bomba linavuja chini ya karo, atakuja akimaliza kwa jirani. Kula chakula, sio mikate tu, umekonda kwenye picha.

Ile hela ya fomu na ada uliyotuma M-Pesa sijaipeleka shuleni. Bati za jikoni zilikuwa zinavuja juu ya jiko, nimebadilisha, risiti ninazo, iliyobaki ipo kwenye simu. Kasirika tu, ila usipige saa kumi, wakati huo yuko madrasa.

Mama