Aliyenusurika shambulio la moyo apimwe figo na mwendo

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie watu wa Iringa na nyanda za juu kusini kwa jumla waliopata shambulio la moyo, wakatibiwa, wakarudi nyumbani wakiwa hai, kisha wakakosa mtu wa kuwaambia watembee kiasi gani na mtu wa kufuatilia hali ya figo zao. Nilifanya kazi ya mazoezi tiba hadi nilipostaafu, na kwa maoni yangu mambo haya mawili, yaani figo na uwezo wa mwili kuhimili mazoezi, yanapaswa kupimwa siku moja na kuandikwa katika ukurasa mmoja wa daftari la mgonjwa.

Neno ambalo mgonjwa huondoka nalo mara nyingi ni "kapumzike", na familia hulipokea kwa upendo. Namfahamu bibi mmoja wa Ipogolo ambaye kabla ya kuugua alikuwa akipandisha mlima hadi mjini na kapu lake la mboga. Alipotoka hospitali wanawe walimwekea kiti barazani, wajukuu wakawa wanamletea hata maji ya kunawa, na baada ya miezi michache akawa hawezi kufika chooni nyuma ya nyumba bila kusimama na kushika ukuta. Kila mtu alisema ni moyo. Huenda kweli moyo ulihusika, lakini misuli ya mapaja yake nayo ilikuwa imenywea kwa kukaa, na alipopimwa damu ilionekana kuwa pungufu. Mwaka 1966 watafiti wa Dallas, Marekani, waliwalaza kitandani vijana 5 wenye afya njema kwa wiki 3, na kiwango cha juu cha oksijeni ambacho miili yao iliweza kutumia wakati wa mazoezi kikashuka kwa zaidi ya robo. Hao walikuwa vijana wa miaka 20 wasioumwa chochote, sembuse ajuza aliyetoka kuugua moyo.

Figo zinaingia hapa kwa njia zaidi ya moja. Katika hali ya kawaida hupokea karibu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo. Sehemu ya msuli wa moyo ikifa, damu inayozifikia hupungua na ile inayorudi hujikusanya kwenye mishipa, hivyo zikaumizwa mbele na nyuma. Zikishadhoofika hubakiza chumvi na maji mwilini, na mgonjwa huanza kuhema; hupunguza kutengeneza homoni inayouchochea uboho kuzalisha chembe nyekundu za damu, na misuli ikakosa oksijeni ya kutosha; tena tindikali ikizidi katika damu, misuli yenyewe huliwa polepole. Kwa hiyo anayekatwa pumzi katikati ya mlima anaweza kuwa anasumbuliwa na moyo, figo, upungufu wa damu, kukaa bila kazi, au vyote kwa pamoja, na kumwongezea kidonge cha moyo bila kupima ni kubahatisha.

Hata kupima kwenyewe kuna mtego. Maabara hutoa kiwango cha kreatinini, yaani taka iliyomo katika damu ambayo figo hupaswa kuichuja, na kikiwa ndani ya mipaka ya kawaida iliyochapwa kwenye fomu, wengi huridhika. Kreatinini hutoka kwenye misuli, na mzee aliyekonda ana misuli michache. Chukua majibu ya maikromoli 100 kwa lita: kwa kijana wa kiume wa miaka 25, kanuni ya kukadiria iliyotolewa mwaka 2021 inaonyesha kwamba figo huchuja kama mililita 92 kwa dakika, lakini kwa mwanamke wa miaka 70 majibu yale yale yana maana ya kama mililita 52. Chini ya 60, hali hiyo ikidumu miezi 3 au zaidi, ni ugonjwa sugu wa figo. Hesabu hiyo hufanywa kwa simu ya mkononi kwa dakika moja, nami sioni sababu ya kutoifanya.

Kupima mwendo ni rahisi zaidi. Kinachotakiwa ni korido tambarare ya mita 30, saa, kiti cha kupumzikia na mashine ya presha. Mgonjwa hutembea kwa dakika 6 kadiri awezavyo, akiruhusiwa kusimama akichoka, na umbali huandikwa. Asipimwe katika mwezi wa kwanza baada ya shambulio, wala akiwa na maumivu ya kifua akiwa ametulia. Akirudi baada ya miezi 3, daktari ataona kwa macho yake iwapo mgonjwa anapanda au anashuka.

Najua wapo wanaohofia kwamba mazoezi yatazichosha figo ambazo tayari ni dhaifu. Madaktari wa Japani walichapisha mwaka 2014 matokeo ya wagonjwa waliofanya mazoezi chini ya usimamizi baada ya shambulio la moyo, na wale wenye ugonjwa wa figo waliohudhuria kwa bidii, figo zao zilionekana kuchuja vizuri zaidi kuliko mwanzo. Sitaki kulitia chumvi jambo hili, kwa sababu wanaohudhuria kwa bidii huenda ndio waliokuwa na nguvu tangu awali. Lakini hofu ya figo kuharibika kwa kutembea haikupata ushahidi hapo.

Mazoezi ninayoyasema si kukimbilia jiwe la Gangilonga alfajiri pamoja na vijana. Ni kutembea mahali tambarare kwa mwendo unaomwezesha mtu kuzungumza ingawa hawezi kuimba, akianza na dakika chache na kuongeza kila wiki, na katika baridi ya Juni na Julai asubiri jua lipande, kwa kuwa hewa ya baridi hubana mishipa ya moyo.

Ombi langu kwa waganga wafawidhi wa hospitali zetu ni kwamba kila kliniki ya moyo itenge korido yake, na mhudumu aliyefundishwa aandike umbali, kreatinini, kiwango cha kuchuja na wingi wa damu kabla mgonjwa hajaingia kwa daktari. Mgonjwa naye aelezwe waziwazi kuhusu dawa za maumivu. Anayeanza kutembea baada ya kukaa muda mrefu huumwa magoti, na dawa inayopatikana kwa urahisi katika duka la dawa la mtaani ni diklofenaki au ibuprofeni, ambazo zikichanganywa na vidonge vya presha kama lisinopril na dawa za kukojosha huweza kuangusha figo kwa siku chache. Aambiwe arudi kliniki apewe dawa nyingine, na aambiwe pia kwamba maumivu ya goti si sababu ya kurudi kwenye kiti.

Mtaalamu mstaafu wa mazoezi tiba,
Kihesa, Iringa