Wakati wa joto kali, wakulima wahudumiwe alfajiri na jioni

Mhariri,

Mto Nyando ukivunja kingo, sisi wakazi wa nyanda za Kano, Kaunti ya Kisumu, huonekana. Viongozi huja na mablanketi, wapiga picha huja na mashua, na sina lalamiko kuhusu hilo kwa sababu mafuriko yametuumiza sana. Lakini kuanzia Januari hadi masika yaingie Machi, jua nalo hutuumiza na hakuna anayefika. Joto halibomoi nyumba. Linapunguza maziwa, linaua kuku mmoja leo na mwingine kesho, linamlaza mama kwa maumivu ya kichwa, na jioni hakuna cha kupiga picha.

Siombi mablanketi. Naomba saa za huduma tunazopewa wakulima zibadilishwe katika miezi hiyo.

Mkulima mdogo wa huku amekwisha kujipanga na jua. Jembe hushikwa kabla hakujapambazuka vizuri, na ikifika saa nne kila mtu anatafuta mwembe. Huu udongo wetu mweusi hupasuka mpaka mkono ukaingia ufa hadi kiwikoni. Kazi hurudi saa kumi, na nyanya na sukuma wiki humwagiliwa jua likielekea kuzama, maana maji ya mchana hugeuka mvuke kabla mizizi haijayapata. Hata hivyo nyanya hupukutisha maua, kwa kuwa joto likizidi ua halishiki tunda.

Mifugo ndiyo inayonitia uchungu zaidi. Wengi wetu tumeshauriwa tufuge ng'ombe wa gredi, wenye damu ya Friesian, ambao asili yao ni Ulaya kwenye baridi. Ng'ombe huyu huanza kutaabika joto likipita nyuzi 25 hivi, na huku kwetu mwezi wa Februari mchana hufika 30 na kuzidi. Unyevu wa Ziwa Victoria hufanya mambo kuwa mabaya zaidi, kwa sababu jasho halikauki upesi mwilini na kumpoza. Tena tumbo lake likisaga majani hutoa joto lake lenyewe, ndiyo maana wanaojua humkatia matete jioni ale usiku. Mchana hali kitu. Anasimama karibu na hori, shingo ameinyoosha, ulimi nje, mate yanachuruzika, na mbavu zinapanda na kushuka upesi upesi. Maziwa ni maji kwa karibu asilimia 87. Akikosa maji mchana huo, jioni ndoo itasema.

Kuku naye hana tezi za jasho. Hufungua mdomo, hutanua mabawa na kuhema. Kuhema huko hupunguza hewa ya kaboni katika damu yake, na ganda la yai huwa jembamba hata yai likapasuka kiganjani. Aliyejenga banda la mabati matupu, bila nyasi juu, huokota mizoga.

Sasa tazameni ratiba za wanaotuhudumia. Kioski cha maji tunachokitegemea hufunguliwa saa tatu asubuhi, hufungwa mchana, kisha hufungwa kabisa saa kumi na moja jioni. Kwa hiyo foleni ndefu ya mitungi ya lita 20 huwa ni ya saa tano na saa sita, na waliosimama humo ni akina mama, baadhi yao wajawazito, na watoto wa siku za Jumamosi. Saa kumi na mbili asubuhi, wakati mtu angebeba maji bila kuumia, kufuli ipo mlangoni.

Maziwa nayo huchukuliwa mara moja tu, saa nne hivi. Ng'ombe amekamuliwa alfajiri, mkebe umekaa kando ya barabara ukingoja bodaboda, bodaboda inazunguka kwa wengine, na ifikapo kwenye kituo cha kupokelea, yule kijana wa kupima anachanganya maziwa kidogo na spiriti. Yakiganda, yamekataliwa. Sina ugomvi na kipimo hicho, kwani mnunuzi lazima alindwe. Ninachouliza ni kwa nini mzigo unaoharibiwa na joto upangiwe safari jua likiwa limepanda. Ya jioni hayana mchukuaji kabisa. Tunayagandisha yawe mala, yaani maziwa ya mgando, tunakunywa, tunawagawia majirani, na karo ya mtoto haipatikani.

Kwenye chanjo za mifugo ni vivyo hivyo. Tunaambiwa tufike saa tatu, wataalamu wanafika saa sita, na ng'ombe wamefungwa juani muda wote huo bila tone la maji. Chanjo nyingi zenyewe huharibika zisipowekwa kwenye baridi! Na mafunzo ya kilimo huwekwa saa nane mchana chini ya hema, wakulima wakisinzia kwa joto.

Mambo haya hayahitaji kusubiri Nairobi. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa kaunti kazi ya kilimo, ufugaji na huduma za maji. Wala si jambo la msimu mmoja: Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitangaza kwamba 2024 ndio mwaka uliokuwa na joto zaidi tangu vipimo vianze kuwekwa.

Najua nitajibiwa kwamba mtumishi ana saa zake za kazi na usafiri wa alfajiri ni shida. Ni kweli, na wapewe usafiri. Lakini saa nane za kazi zinaweza kugawanywa, nne asubuhi na nne jioni, mchana wapumzike nao, maana jua haliwachagui. Wauguzi hufanya kazi kwa zamu na hakuna anayeshangaa.

Kaunti ikae na vyama vya ushirika na kamati za maji kabla ya Desemba kuisha. Kioski kifunguliwe saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne, kisha saa kumi jioni hadi saa mbili usiku. Maziwa yachukuliwe mara mbili, ya asubuhi yawe yamefika kwenye mtungi wa kupozea kufikia saa mbili. Chanjo iwe imekwisha saa tatu. Ratiba hiyo itangazwe kwenye baraza la chifu na kwenye redio tunazozisikiliza, na ianze kufuatwa Januari.

Mkulima,
Ahero, Kaunti ya Kisumu