Salamu za Shukrani kwa Waliotusaidia Kutafuta Historia ya Kiwanda cha Chapa cha Babu

Sisi watoto, wajukuu na vitukuu wa marehemu mpiga chapa wa Majengo, Moshi, tunatoa shukrani za dhati kwa ndugu, jamaa, majirani na wote walioitikia ombi letu la kutafutiwa karatasi zilizochapwa katika kiwanda chake. Kwa kuwa hatuwezi kumfikia kila mmoja nyumbani kwake, tunaomba mzipokee salamu hizi.

Tulipoanza tulikuwa na picha moja tu na maneno ya shangazi. Vitabu vya hesabu vililiwa na mchwa, na mashine ya kukanyaga kwa mguu iliuzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Aliyeiuza si mwingine bali sisi wenyewe. Ndipo mlipofungua masanduku yenu mkatuletea kadi za harusi, vyeti vya kipaimara, stakabadhi za maduka na hata ratiba ya mazishi.

Shukrani za pekee zimwendee bibi wa Kiboriloni aliyetunza stakabadhi ya cherehani ya marehemu mumewe. Haina tarehe, lakini chini kabisa, kwa herufi ndogo, pamechapwa jina la kiwanda na anwani inayoishia kwa maneno "Moshi, Tanganyika". Jina la Tanzania lilianza kutumika Oktoba 1964, na baadhi yetu tulikuwa tukiapa kwamba babu alianza kazi baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Baadaye mwalimu mstaafu wa Old Moshi akaleta nakala ya Komkya, gazeti la Wachaga lililoanza mwaka 1953, lenye tangazo la kiwanda hichohicho, likiwa limetoka kabla ya Uhuru. Shangazi alikuwa akisema hivyo miaka yote, nasi tukadhani anaongeza chumvi. Tunamwomba radhi hapa hadharani.

Tunamshukuru sana mzee wa Pasua ambaye ujanani alipanga herufi kiwandani hapo. Alitueleza jinsi herufi za risasi zilivyookotwa moja moja kutoka kwenye droo na kupangwa zikiwa zimegeuka, na jinsi seti zilizoletwa kutoka Uingereza, zikiwa zimehesabiwa kwa mahitaji ya Kiingereza, zilivyokuwa na "a" na "k" chache mno kwa ukurasa wa Kiswahili. Hapakuwa na "k" ya kutupa, hivyo hata iliyovunjika mguu iliendelea kufanya kazi. Tuliposhika kioo cha kukuzia tukaiona "k" hiyo kwenye stakabadhi ya cherehani, katika maneno "fedha taslimu zimepokelewa", kisha tukaiona tena kwenye kadi ya harusi iliyokatwa ukingo wa chini pamoja na jina la mchapaji. Kwa kilema hicho kidogo tumeweza kuzitambua karatasi nyingine ambazo tungeziweka kando.

Tunawashukuru pia vijana waliopiga picha kila karatasi, na akina mama wa mtaa waliopika siku tuliyokutana kuzipanga mezani.

Karatasi zote asilia zitarudishwa kwa wenyewe. Walio mbali tutawatumia kwa basi, na walio karibu tunawakaribisha nyumbani Majengo kuzichukua. Stakabadhi ya bibi wa Kiboriloni tutaipeleka wenyewe, tukiongozana na shangazi.

Asanteni sana, na Mungu awabariki.

Ni sisi, familia ya marehemu, Majengo, Moshi.