Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama wa klabu ya wapiga picha za wanyama, pamoja na maelezo kuhusu ile safari ya Momella

Ndugu wanachama, habari za majukumu. Taarifa hii ilitakiwa isomwe kwenye mkutano mkuu ila mkutano wenyewe mnajua ulivyokuwa, nitaugusia huko mbele, kwa hiyo naituma kwa maandishi kila mtu aisome kwa muda wake, asije mtu akasema hakushirikishwa.

Shughuli za kawaida zilifanyika na sitawachosha nazo. Mafunzo ya Jumamosi, matembezi ya kuangalia ndege Ziwa Duluti, maonyesho ya picha (stendi za kutundikia picha nilizitafuta mimi, sijui kama watu walijua hilo), kumwona mwenzetu alipolazwa. Zote mlikuwepo au mliona picha.

Sasa nije kwenye jambo ambalo limesemwa sana pembeni. Ni kweli mwanzoni mwa mwaka tulikubaliana safari kubwa iwe Serengeti kaskazini, kule Kogatende, tukapige picha nyumbu wakivuka mto Mara. Ni kweli pia kwamba mimi na kamati tuliibadilisha ikawa Hifadhi ya Arusha, Momella. Maneno yaliyofuata nimeyasikia yote, kwamba mwenyekiti anakaa Usa River ndio maana kapeleka safari kwao, kwamba tumetolewa kwenye simba tukapelekwa kwenye nyani. Ninakaa Usa River ndiyo, sijawahi kuficha, na siku ya safari niliamka alfajiri nikaja mpaka mjini kupanda gari na wenzangu kama kila mtu.

Watu 31 waliandika majina kwenda Serengeti. Mpaka siku ya mwisho ya kulipa waliokuwa wamelipa ni 9. Wengine walikuwa wanaandika tu "nipo pamoja nanyi" na kaalama ka dole gumba. Gari mbili za kukodi, mafuta, malazi, kiingilio cha Serengeti, na ukipita Ngorongoro nako unalipia kupita, hesabu ilikuwa inakaribia milioni sita. Watu 9 wanaibebaje hiyo? Kama kuna mtu alikuwa na jibu mbona hakulisema kwenye kikao, kalisema kwenye gari akirudi nyumbani.

Halafu tuache hela kidogo. Mimi nimeshawahi kufika huko mtoni. Nyumbu wanaweza kujaa ukingoni saa nzima, mavumbi, kelele, wa mbele anainama kunusa maji, ghafla anageuka na wote wanageuka naye, imeisha hiyo. Na magari sasa, yamepangana kama stendi ya Kilombero pale Arusha mjini, madereva wanapigiana simu, wakisikia kundi limesogea kule wote wanakimbilia kule, kuna wakati magari yenyewe ndio yanawazibia wanyama njia. Picha unaweza kuipata, sikatai. Ila sisi katiba yetu kwenye malengo inasema kupiga picha za wanyama NA kupata utulivu katika mazingira ya asili. Hiyo "na" niliiweka mimi tulipoanzisha chama, na sioni utulivu gani uko kwenye foleni ya landkruza.

Hifadhi ya Arusha unaruhusiwa kutembea kwa miguu ukiwa na askari wa hifadhi mwenye bunduki, na bunduki si mapambo, pale Serengeti Ndogo, ule uwanda wa nyasi ndani ya hifadhi hiyo hiyo, nyati walikuwepo wa kutosha, na twiga, pundamilia, ngiri. Simba hakuna, hilo linajulikana na nililitangaza mapema. Ziwani heroe (flamingo) hawakuwa wengi siku ile. Heroe wanahama hama kufuata chakula kwenye maziwa ya magadi, leo wapo Momella kesho wako kwingine, sasa hilo nalo mnaniwekea mimi?

Jambo la pili lililopigiwa kelele ni ile nusu saa ya kimya. Niliagiza tukifika msituni kamera zote zibaki kwenye begi nusu saa, simu zizimwe, tukae chini tuangalie tu. Mtu mmoja akasema hajalipa hela kuja kuabudu miti. Sawa. Ila waliokuwepo waseme ukweli kilichotokea. Juu yetu kulikuwa na kundi la mbega weupe, wale weusi wenye manyoya marefu meupe, tulipofika walikuwa juu kabisa, wengi wametugeuzia migongo unaona mikia tu inaning'inia kama pazia. Mbega anakula majani, na majani yanachukua muda mrefu tumboni, kwa hiyo sehemu kubwa ya siku anapumzika, ukiwa na haraka hutaona kitu. Tulivyonyamaza wakaanza kujisahau. Wawili wakashuka tawi la chini, wakaanza kuchambuana manyoya, na mmoja alipojigeuza tukaona kifuani ana kitoto cheupe pee, maana wanazaliwa weupe wote, weusi unakuja baadaye. Kitoto kikatoa mkono kikawa kinavuta ndevu za mama. Hakuna aliyekuwa amekiona kabla, na tulikuwa chini ya mti huo huo. Dada yetu mmoja anayefanya kazi benki, ambaye simu haimtoki mkononi, alisinzia palepale kwenye majani, alipoamka akasema hajapata usingizi mtamu hivyo muda mrefu sana.

Na picha zilizouzwa kwenye maonyesho, nyingi ni za asubuhi ile. Kazi ilikuwepo pia, kwa sababu mbega ni mtihani kwa kamera: akiwa na anga nyuma yake kamera inamfanya kivuli cheusi chenye mkia, ukimsogeza akajaa kwenye fremu kamera inaona giza inaongeza mwanga, yale manyoya meupe yanaungua, yaani yanabaki weupe mtupu. Waliokuwa wamehudhuria mafunzo ya Jumamosi walijua cha kufanya, wasiohudhuria walikuwa wananiuliza mimi mmoja mmoja na mimi sikupiga hata picha ya maana siku hiyo, nilikuwa mwalimu tu. Sisemi nilipwe.

Aliyemrushia kima ndizi ili ashuke chini, anajijua. Askari alitaka kututoa wote, mimi ndiye niliyeongea naye. Kulisha wanyama hifadhini ni marufuku na kima akishazoea ndizi kesho anapora begi la mtoto.

Mkutano mkuu. Wanachama ni 58, akidi ni theluthi moja, walikuja 11, na kati yao wawili walikuja kumsubiri mwenzao waondoke naye. Ujumbe ulisomwa, tiki za bluu nimeziona. Safari ikitangazwa grupu linawaka moto, mkutano ukitangazwa kila mtu ana msiba.

Fedha. Ada ni 60,000 kwa mwaka, tulitakiwa kukusanya 3,480,000, tumekusanya 1,265,000. Michango ya safari 1,890,000, mauzo ya picha 410,000, jumla 3,565,000. Matumizi: safari 2,140,000, kuprinti na maonyesho 685,000, kusafisha lenzi ya chama 180,000, mengineyo 348,000, jumla 3,353,000, salio 212,000. Kuhusu "mengineyo" ni vocha, chai ya vikao, nauli, risiti ziko kwa mweka hazina, anayetaka aende akazione badala ya kuulizia kwa watu. Na hiyo lenzi ilirudi ina fangasi ndani, aliyekaa nayo miezi yote ya mvua anasema aliikuta hivyo. Haya.

Waliolipia Serengeti na hawakutaka Momella wamerudishiwa hela zao wote isipokuwa mmoja ambaye namba yake haipatikani.

Mwaka ujao, Mungu akipenda na ada zikiingia, tunatarajia kwenda mbali kidogo, labda Natron au Tarangire, Serengeti yenyewe sijaifuta. Kuna mdau alisema ataangalia suala la tisheti. Tunafikiria pia kushirikisha shule, tutaona. Uchaguzi ni mwezi wa tatu, mimi sing'ang'anii kiti, nina shughuli zangu nyingi tu, ila wanachama wakiona kuna haja niendelee sitawaangusha. Wapiga kura ni waliolipa ada tu, ibara iko wazi, sijaitunga jana.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti