Barua ya wazi kwa Gavana Kim Reynolds: shamba la mtu lisitwaliwe kwa faida ya kampuni

Mheshimiwa Gavana,

Shikamoo, Mama. Kwetu mkubwa husalimiwa kwanza, maneno hufuata.

Mimi ni dereva wa roli kaskazini-magharibi mwa Iowa. Nabeba mahindi ya wakulima kuyapeleka kiwanda cha ethanoli, yale mafuta ya magari yanayotengenezwa kwa mahindi. Nilizaliwa Handeni, mkoa wa Tanga, na uraia wa Marekani niliupata kwa kuapa. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu barua hii si yako peke yako. Katika miji yetu midogo yenye viwanda vya nyama, Kiswahili siku hizi unakisikia dukani, kanisani na kwenye foleni ya leseni, hasa kwa ndugu zetu waliotoka Kongo. Na hao ndugu huniuliza: wewe Mwafrika, mgeni wa juzi tu, unawapigiaje kura Republican? Nitawajibu humu humu wakati naongea na wewe, maana jibu langu kwao ndilo shauri langu kwako kuhusu bomba la kabonidayoksaidi linalotaka kupita kwenye mashamba ya watu.

Jibu linaanzia kwa marehemu baba. Alikuwa na shamba la mahindi na miembe aliyoachiwa na babu. Mwaka 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba hadi mwisho wa 1976 watu wote wa mashambani wawe wamehamia vijijini, ndiyo ile Operesheni Vijiji. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Haya nimesimuliwa na mama. Alikuja mtu wa serikali na daftari, gari likafuata. Nyumba ikaezuliwa ili mwenyewe asipate pa kurudi. Sitaki kumsema Mwalimu vibaya: shule niliyosoma bila ada na zahanati niliyochanjwa zilikuwa za kijiji hicho hicho tulichopelekwa. Nia ilikuwa njema. Lakini baba alikuwa akipita karibu na ile miembe anapunguza mwendo, na mtoto ukimuuliza kitu wakati huo hujibiwi.

Hadi leo sheria ya kwetu, ile Sheria ya Ardhi ya 1999, inasema ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, linakuja kuishia Chongoleani, Tanga. Nikienda kusalimia nyumbani, mazungumzo ya barazani ni yale yale: fulani kalipwa, fulani kapunjwa, fulani bado anazungushwa.

Sasa fikiria mtu wa historia hiyo anafika Iowa. Mzee mmoja ninayembebea mahindi alinitolea hati ya shamba lake siku moja tukisubiri mvua ipungue. Karatasi imekunjwa hadi imechanika mikunjoni, jina la babu yake liko juu. Akaniambia, "Hapa hata Rais akija, anagonga mlango." Nikamwelewa kuliko alivyodhani. Tangu siku hiyo wanasiasa wakinipa hotuba ndefu juu ya maana ya uhafidhina nawasikiliza kwa adabu tu, yangu nilishaipata. Mtu awe na chake, serikali igonge mlango, na kodi isimle mtu akabaki mifupa.

Kwa hiyo nimekuunga mkono, Mama, na sijutii. Wewe si wa kuletwa huku kwa ramani. Ulikuwa mweka hazina wa Kaunti ya Clarke vipindi vinne kabla hujafika ngazi za juu za Des Moines, mji mkuu wa jimbo. Kodi ya mapato umeishusha hadi kiwango kimoja cha asilimia 3.8, na mimi ninayejilipia dizeli naiona tofauti. Sheria ya 2023 ya kumpa mzazi fedha za kumsomesha mtoto shule binafsi niliishangilia, ingawa nitakuambia ukweli: katika kaunti yangu shule binafsi ya karibu ni mwendo wa kuamkia alfajiri, na shule ya umma inazidi kuunganishwa na ya mji wa jirani kwa kukosa watoto. Hilo tuliache kwa leo.

Nilichokuja nacho ni bomba.

Sina haja ya kukueleza wewe ethanoli ni nini katika jimbo hili. Wasomaji wangu wengine, elewa hivi: zaidi ya nusu ya mahindi ya Iowa huishia kwenye viwanda hivyo. Ukifika na roli unapanda mizani, mkono wa chuma unashuka kutoka juu unachoma mzigo sehemu mbili tatu, unafyonza punje kuzipeleka kwenye kijumba cha vipimo. Unyevu ukizidi, bei inakatwa papo hapo, na mkulima aliyeko nyumbani ataiona kwenye simu kabla sijamwaga. Kiwanda kikitikisika, kila mtu anatikisika: mimi, fundi wa matairi, mama wa mgahawa, hata sadaka ya Jumapili. Basi asije mtu akasema napinga bomba kwa sababu sijui chakula changu kinatoka wapi. Najua vizuri kabisa.

Kampuni ya Summit Carbon Solutions ilipanga kukusanya hewa ya kabonidayoksaidi kutoka viwanda vya ethanoli 57 katika majimbo matano na kuipeleka kwa bomba la takriban kilomita 4,000 hadi North Dakota, ikafukiwe chini kabisa ya ardhi. Wanasema bila hivyo ethanoli yetu haitapata soko la mafuta ya ndege na la majimbo yanayotaka mafuta yenye kaboni kidogo. Inawezekana. Mkulima anayeona hesabu hiyo inamfaa, asaini, alipwe, Mungu ambariki, wengi wameshasaini. Tatizo ni asiyetaka. Juni 2024 Tume ya Huduma za Umma ya Iowa, ambayo wajumbe wake watatu unawateua wewe, iliipa kampuni kibali chenye uwezo wa kupita kwenye shamba la mtu hata akikataa, kwa nguvu ya sheria ya kutwaa ardhi.

Kupita kwenye shamba si kuchora mstari. Mashamba mengi ya huku yalikuwa madimbwi. Mababu wa wakulima hawa walifukia mabomba ya kutolea maji chini ya udongo, mistari kwa mistari, na ndiyo yanayofanya mahindi yaote badala ya matete. Katapila ikipasua njia, mistari ile inakatika, na ikiunganishwa vibaya utajua kwenye mvua ya kwanza ya masika. Udongo nao hushindiliwa. Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa kilipima njia ya bomba la mafuta la Dakota Access kikakuta mahindi yamepungua kwa wastani wa asilimia 15 na soya asilimia 25 katika misimu miwili ya mwanzo. Usalama nao una maswali yake: Februari 2020 bomba la kabonidayoksaidi lilipasuka karibu na Satartia, Mississippi, magari yakazimika barabarani kwa kukosa hewa safi, na watu 45 wakapelekwa hospitali.

Bunge la jimbo lilisikia. Mei 2025 Seneti ilipitisha muswada HF 639, wa kubana nguvu ya kutwaa ardhi kwa ajili ya bomba la kaboni, kwa kura 27 dhidi ya 22. Maseneta 13 wa Republican waliungana na Democrat 14, na kati yao Republican 12 walikuwa wametangaza hawatagusa bajeti mpaka suala la bomba lipigiwe kura. Mama, ni lini mara ya mwisho umeona Democrat na Republican wanakaa jamvi moja katika nchi hii? Huku wanatukanana hata kwenye harusi. Juni ukaupigia kura ya turufu.

Nimezisoma sababu zako. Ulisema muswada ulivuka suala la bomba la kaboni, ungegusa miradi mingine ya nishati, ungewafanya wawekezaji waiogope Iowa. Nakubali kwamba uliandikwa mpana: masharti ya bima na ukomo wa miaka ya vibali vilikuwemo ndani. Na ulichukua kipande kimoja kizuri, ukasema utaitaka Tume ihakikishe wajumbe wote wanakaa wenyewe kusikiliza ushahidi. Ahsante kwa hicho. Lakini neno hilo la wawekezaji limenikaa kooni. Mkulima aliyenunua shamba kwa mkopo wa miaka 30, akalilipa kwa nguruwe na mahindi, yeye si mwekezaji? Ni nani kati yake na kampuni anayetakiwa kuwa na imani kwamba chake kitabaki chake?

Wapo wanaosema umenunuliwa, kwa kuwa mwanzilishi wa kampuni mama ya mradi huu ni mmoja wa wafadhili wakubwa wa Republican hapa jimboni. Mimi sisemi hivyo. Sina ushahidi, na kumzulia mtu ni dhambi. Nasema tu kwamba watu wanasema, na kiongozi mzuri hujua kinachosemwa nyuma yake.

Tazama pia fedha zenyewe zinatoka wapi. Mradi huu unasimama juu ya nafuu ya kodi ya serikali kuu, ile 45Q: dola 85 kwa kila tani inayofukiwa. Kiwango hicho kiliwekwa na sheria ya Rais Biden ya 2022, ambayo hakuna Republican hata mmoja wa Bunge la Marekani aliyeipigia kura. Sheria kubwa ya chama chetu ya Julai 2025 ikaiacha nafuu hiyo palepale. Tumekaa miaka mingi tukiwasema Democrat kwamba wanamwaga fedha za walipakodi kwa ajili ya hali ya hewa. Leo fedha hizo hizo zinalipia bomba la kupita kwa mtu asiyelitaka, na chama changu kinaita jambo hilo maendeleo ya vijijini. Afadhali ruzuku ya Biden ingekuja peke yake, bila askari nyuma yake.

South Dakota ni jimbo la Republican kuliko sisi. Machi 2025 Gavana Larry Rhoden alisaini sheria inayokataza kutwaa ardhi kwa ajili ya bomba la kaboni. Muswada wake ulikuwa mfupi, haukugusa mengine. Dunia haikuanguka. Na hapa kwetu, mwaka 2006, baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kuamua ile kesi ya Kelo kwamba nyumba ya mtu inaweza kutwaliwa kwa ajili ya maendeleo ya kibiashara, Bunge la Iowa lilipitisha sheria ya kumlinda mwenye mali. Gavana wa wakati huo, Tom Vilsack, Democrat, akaipigia turufu. Bunge likarudi likaivunja turufu yake, jambo ambalo halikuwa limefanyika kwa zaidi ya miaka 40. Republican walijivunia siku ile, na walikuwa na haki. Baada ya turufu yako, Baraza la Wawakilishi lilitaka kikao maalumu cha kuivunja, Seneti haikufikisha saini zilizotakiwa.

Kuna jambo nataka washauri wako walielewe, hasa wale wanaodhani kura za huku ziko mfukoni. Kaunti 31 za Iowa zilimchagua Obama mara mbili, kisha zikamchagua Trump mwaka 2016. Hakuna jimbo lenye kaunti nyingi kama hizo. Watu hawa hawakuwa wajinga mwaka 2008 wakaerevuka 2016. Walikuwa wanatafuta mtu atakayesimama mbele ya mkubwa kwa niaba yao. Walimwona mkubwa huyo benki, wakamwona Washington, wakamwona China inayokataa soya zetu kila vita vya ushuru vinapopamba moto. Wamevumilia ushuru wa Trump kuliko walivyotarajiwa, kwa sababu waliamini angalau anagombana kwa ajili yao. Fidia za serikali wanazipokea, lakini muulize mkulima yeyote, atakuambia anataka mnunuzi, hataki hundi. Watu hao hao sasa wanamwona mkubwa mwingine, na safari hii ana kadi ya chama chetu.

Viwanda vya nyama vimeshatufundisha. Perry, mji wa watu wasiofika 8,000, kampuni ya nyama ya Tyson ilifunga kiwanda cha nguruwe Juni 2024, watu takriban 1,300 wakabaki bila kazi. Wengi walikuwa wahamiaji waliokuwa wamejaza madarasa na kununua nyumba. Wahafidhina wenzangu wengine wanapenda kumlaumu mhamiaji kwa kila kitu. Aliyefunga geti Perry hakuwa mhamiaji. Sisemi serikali iilazimishe kampuni kukaa. Soko ni soko. Ila kampuni ina hiari ya kuondoka Perry siku inayotaka, na mkulima hana hiari ya kukataa kampuni isiingie kwake. Sheria ya namna hiyo ina mizani mbovu, na mimi mizani naipanda kila siku.

Ombi langu ni dogo. Umetangaza hutagombea tena, muda wako unaisha Januari 2027. Hakuna uchaguzi unaokuogopesha. Ukiletewa muswada mfupi unaosema bomba la kabonidayoksaidi lisitwae ardhi ya asiyekubali, bila bima, bila vibali vya miradi mingine, bila nyongeza yoyote ya kukupa sababu, usaini. Usipoletewa, waite viongozi wa Seneti uwaombe wewe mwenyewe. Kampuni itazunguka mashamba ya waliokataa, au itapandisha bei mpaka wakubali, kama wanavyofanya wafanyabiashara wote. Mimi nitaendelea kuwabebea mahindi hao hao hadi kiwanda kile kile.

Wako mtiifu,

Dereva wa roli, mpiga kura wako
Kaskazini-magharibi mwa Iowa